Maziwa ya Nyumba ya Kwanza

Nyumba yangu ya Moshono ilikuwa na wiki sita tu tangu nihamie, bado inanuka rangi na chumba kimoja hakina dari, siku Vasanthi aliponipigia simu akasema yuko Arusha. Ilibidi nikae kwenye ngazi. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu nikiwa binti wa miaka ishirini na sita, fundi sanifu wa majengo mwenye diploma mpya na kiburi kikubwa, nilipopelekwa kwa mwaka mmoja kaskazini mwa Sri Lanka kusimamia ujenzi wa nyumba za Watamil waliokuwa wamekimbia vita. "Akka," akasema, maana ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, "nimekuja huku kwa mkutano. Namba yako nimepewa na yule bosi wenu wa zamani. Jumamosi niko huru, naweza kuja kwako?" Nikamwambia aje, tena aje na njaa. Kisha nikauliza, Amma hajambo? Amma kwa lugha yao ni mama, na mradi mzima tulimwita mama yake hivyo, kana kwamba katuzaa sote. "Amma alifariki mwaka jana, Akka. Mengine nitakuambia nikija." Alipokata, nilibaki pale kwenye ngazi nikiutazama mkono wangu wa kulia, na nitaeleza ni kwa nini.

Habari za ukoo wetu na shamba la Maji ya Chai naziacha. Hazina kazi katika kisa hiki, isipokuwa jambo moja la jikoni kwa bibi, nalo nitalifikia. Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Kaloleni, kitanda, jiko la mafuta na ndoo mbili, na nilikuwa nimerudi kutoka kwenye kambi za wakimbizi za Kigoma ambako nilijenga vyoo na madarasa chini ya mhandisi mmoja wa Kizungu, mtu mpole aliyekuwa akipiga mluzi kila anapokasirika. Shirika lake lilipopata fedha za kujenga nyumba Sri Lanka, akanikumbuka. Wenzangu wa Kaloleni walinicheka wiki nzima. "Esta, Wahindi wamekosa mafundi hadi wamfuate Mmeru?" Niliwaambia si Wahindi, ni Watamil, tena kisiwani, halafu nikaenda kutafuta ramani maana hata mimi sikujua ni wapi. Nilijua kusoma mchoro, kupima msingi na kumfokea fundi aliyepunja saruji. Niliona hayo yanatosha popote duniani, na katika umri ule hakuna aliyeweza kunishawishi vinginevyo.

Nilichokikuta kilinishtua, na mshtuko wenyewe haukuwa wa aina niliyojiandaa nayo. Nilitegemea magofu, na magofu yalikuwepo, kuta zenye matundu ya risasi na mivumo, miti ya jamii ya minazi, iliyokatwa vichwa na mizinga, ikabaki nguzo tupu zimesimama kwenye mchanga. Lakini watu walikuwa wanafagia. Kila asubuhi, katika viwanja ambavyo havikuwa na kitu ila msingi uliovunjika na kisima, wanawake waliovaa vizuri, nywele zimesukwa na ua limechomekwa, walikuwa wanafagia mchanga mbele ya vibanda vya bati na turubai kana kwamba ni sebule. Kibanda cha Amma kilikuwa na chumba kimoja. Alipika upande mmoja, akalala upande mwingine na binti yake Vasanthi, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa mwisho wa sekondari, na katikati palikuwa na mkeka wa tatu uliokunjwa vizuri. Siku ya kwanza nikaukalia, maana hapakuwa na kiti. Vasanthi alinivuta mkono haraka. Mkalimani wetu, Mwalimu Rasiah, mzee mstaafu aliyevaa shati jeupe hata kwenye vumbi la kokoto, akaniambia polepole kwamba mkeka ule ni wa Kugan, kijana wa Amma. Siku za mwisho za vita walipokuwa wanavuka kwenda upande wa serikali, wanaume walitengwa kwenye foleni yao, na Kugan akapandishwa basi. Amma alimwona akipanda. Tangu siku ile hakuna ofisi iliyomwambia yuko hai wala amekufa, na ilikuwa sasa inaingia miaka mitatu.

Nikapangiwa kusimamia nyumba arobaini, na ya Amma ikawa ya kwanza kwa sababu kiwanja chake kilikuwa kando ya barabara, mahali ambapo wageni wa wafadhili wangeweza kufika na magari yao. Ramani ilitoka mbali, moja kwa wote: vyumba viwili, sebule ndogo, jiko nyuma na kibaraza mbele. Amma hakulalamika juu ya kitu chochote isipokuwa siku moja, tulipokuwa tunapanga tofali za chumba cha pili, alipokuja na fimbo akalipima dirisha. Akasema kitu. "Anauliza kama mtu mrefu ataweza kuona barabara akiwa amelala," Mwalimu akatafsiri. Mimi na kiburi changu nikajibu kwamba urefu wa dirisha uko kwenye mchoro. Akanitazama, akatikisa kichwa kwa namna yao ile ambayo hujui ni ndiyo au hapana, akaenda kunipikia. Na jinsi alivyopika! Tambi nyeupe za unga wa mchele alizozichemsha kwa mvuke, mchuzi wa fenesi bichi, samaki mkavu aliyewasha hadi masikio. Nilikula kwa mkono kwenye jani la mgomba, na mara ya kwanza alipoona nimelikunja jani mwenyewe baada ya kula, kama wafanyavyo wao, alicheka kidogo tu, mdomo ukiwa umefungwa. Vasanthi akanong'ona kwa Kiingereza chake cha shule kwamba mama yake hajacheka tangu basi lile. Usiku huo, nakiri, nililishusha dirisha la chumba cha pili kwenye daftari langu, kozi mbili za tofali chini ya mchoro, na kesho yake nikawaambia mafundi ni amri ya ofisi.

Sharti la wafadhili lilikuwa moja, na nilikuwa nalisoma kwa sauti katika kila mkutano: nyumba ikikamilika, familia ihamie katika muda uliopangwa, la sivyo inapewa familia nyingine iliyo kwenye orodha. Lilionekana sharti la haki. Watu walikuwa wanalala kwenye maturubai, nani angekataa nyumba? Amma alisikiliza mikutano yote kwa utulivu. Tulipopaka rangi akaenda hekaluni kuulizia saa njema ya kuingia, akarudi na saa iliyoandikwa kwenye karatasi, na bosi wangu akapiga mluzi kwa sababu ilikuwa asubuhi mno kwa wageni. Wageni wakafika hata hivyo, na kamera zao. Kizingiti kilikuwa kimepakwa manjano, majani ya mwembe yamening'inizwa mlangoni, na wanawake wa kijiji walinishika mkono wakaniingiza hadi jikoni, viatu nimeviacha nje, kwa kuwa nilikuwa fundi wa nyumba na walitaka kuniheshimu. Sakafuni, kwenye sakafu yangu ya saruji niliyoisugua mwenyewe hadi ikang'aa, palikuwa na matofali matatu, moto wa kuni kavu, na juu yake chungu kipya chenye maziwa.

Nilichokuwa nakijua kuhusu maziwa nilikijua kutoka jikoni kwa bibi. Bibi yangu hakuwa mkali kwa mengi, lakini ukiachiwa maziwa motoni ukayaacha yafurike, ulichapwa kabla hajauliza jina lako. Maziwa yakimwagikia moto, alisema, chuchu za ng'ombe hupasuka, na ng'ombe aliyepasuka chuchu ni watoto waliolala njaa. Nilikaa miaka ya utoto wangu nimechutama mbele ya sufuria, macho hayapepesi, mkono tayari. Basi asubuhi ile nilikuwa nimesimama karibu kabisa na kile chungu, nikaona povu linapanda, linavimba, linafika ukingoni, na wanawake wote wale wazima wamesimama wanatazama tu, wengine wanatabasamu! Sikufikiri. Mkono wangu wa kulia ulishika pindo la gauni langu, ukakamata chungu, ukakiepua moto na kukiweka chini. Hata tone moja halikumwagika. Nikainua uso nikisubiri shukrani.

Wanawake wakalipuka kwa kelele, mmoja akajipiga kichwani, mwingine akawa ananionyesha moto, rudisha, rudisha. Mgeni mmoja alikuwa bado anapiga picha. Mwalimu Rasiah alinisogelea, uso umemshuka, akanieleza kwa sentensi chache nilichokuwa nimekifanya. Kwao maziwa ya kwanza katika nyumba mpya ni lazima yafurike. Yakifurika yakamwagika, hapo ndipo nyumba inapofunguka na maisha ya wenyewe yanaanza humo. Kabla ya hapo ni kuta tu. Nilitamani ile sakafu yangu ipasuke inimeze. Nikashika chungu nikirudishe, huku machozi yananitoka na kidole kimeungua. Lakini Amma akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile, macho makubwa, mdomo wazi kidogo. Akasema maneno machache. Wanawake wakaacha kunionyesha moto. "Anasema imetosha," Mwalimu akaniambia, na akageuka kuangalia dirishani. Amma akachota yale maziwa kwenye vikombe, akayatia sukari, akaanza na mimi. Nikanywa nikidhani nimesamehewa.

Miezi iliyobaki niliona maziwa yakifurika katika nyumba nyingine nyingi, mikono nimeifunga mgongoni, na kila mara watu walipopiga vigelegele vyao nilikuwa naelewa zaidi ukubwa wa kosa langu. Wasiwasi ulinifanya nipite kwa Amma karibu kila siku. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi. Kitanda kimetandikwa, taa ya mafuta inawaka mbele ya picha za miungu, sakafu haina hata alama ya unyayo. Kibanda cha bati bado kilikuwa kimesimama nyuma, na nilipouliza, Vasanthi alijibu haraka kwamba ni cha kuni na mbuzi. Niliamini kwa furaha. Kwenye ripoti yangu ya mwisho niliandika, nakumbuka neno kwa neno, "Mnufaika amehamia na anaitunza nyumba vizuri kuliko wote." Picha yake amesimama kibarazani ilitumika kwenye kalenda ya shirika. Kalenda hiyo niliitundika kwenye nyumba zote nilizopanga Arusha, hadi karatasi ikageuka manjano.

Jumamosi Vasanthi alishuka kwenye bodaboda mbele ya geti langu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miwani, sari ya bluu iliyoingia vumbi la Moshono. Anafanya kazi na familia za watu waliopotea, ndicho kilichomleta mkutanoni. Tulikumbatiana hadi jirani yangu, Mama Glori, Mchaga asiyepitwa na mgeni wa mtu, akatokea na mkungu wa ndizi. "Karibu sana mwanangu! Esta, huyu ndiye yule wa kwenye kalenda?" Nikamwambia ni binti yake. "Haya, mgeni njoo mwenyeji apone. Ningekaa, ila kanisani wananisubiri." Nilikuwa nimepika loshoro, nikamweleza Vasanthi kwamba ni mahindi kwenye maziwa mgando, akala mabakuli mawili. Aliikagua nyumba yangu chumba kwa chumba kama mimi nilivyokuwa nakagua zao, akagonga ukuta, akafungua dirisha la jikoni linaloutazama Mlima Meru. Nilimngojea. Mimi si mtu wa kungoja, lakini siku ile niliosha bakuli moja mara tatu.

"Amma hakulala katika ile nyumba hata usiku mmoja," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, taratibu, kama anayesoma kitu alichokiandika. Miaka yote ile, hadi alipofariki, mama yake alilala kwenye kibanda cha bati, yeye na mkeka wa Kugan. Alfajiri anaamka, anaingia kwenye nyumba, anafagia, anawasha taa, anakitandua kitanda na kukitandika tena ili watu wa mradi wakija wasimnyang'anye. Vasanthi naye alilala kibandani hadi alipoolewa. Masika ya kule maji yanaingia hadi kifundoni, na mama yake alikuwa anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amejifunika turubai, hatua kumi kutoka kwenye vyumba viwili vikavu. Mapafu yakaharibika. Walimbembeleza, wakamgombeza, akafia mle mle. Nilikuwa nimejenga nyumba ile, nilikuwa nimeipima kwa timazi na pima maji, nikaiandikia ripoti, nikaitundika ukutani kwangu kama fahari ya ujana wangu, na kumbe ilikuwa tupu! Nikasema, ni kwa sababu yangu. Nilisema kwa Kiswahili, nikasahau kwamba tunaongea Kiingereza, Kiswahili haelewi.

"Siku ile Mwalimu hakukuambia yote," Vasanthi akaendelea. "Amma hakusema imetosha tu. Alisema, 'Imetosha, Mungu ameona. Mtoto wangu hajafika.' Akka, yeye alikuwa anaiogopa ile asubuhi kuliko mabomu. Maziwa yakishamwagika, nyumba imeanza bila Kugan. Alikubali kwa sababu ya sharti lenu, alikuwa amesimama pale anajilazimisha. Halafu wewe, mgeni kutoka mbali, usiyejua lolote, ukanyoosha mkono ukayazuia. Usiku ule alicheka. Alisema umetumwa. Alisema kama Kugan angekuwa amekufa, mkono wako usingenyooka."

Kwa hiyo ndivyo alivyokuwa ananitazama. Maji yakimwagika hayazoleki, tunasema, lakini sijui methali ya yale yaliyozuiwa yasimwagike. Vasanthi alivua miwani akaifuta kwa pindo la sari. Akasema mwezi wa mwisho Amma alikuwa hawezi kumaliza sentensi, ila alimwagiza jambo moja, na ndilo lililomfanya aombe kuja kwenye mkutano huu badala ya mwenzake. Amtafute Esta. Amuulize siku ile aliona nini. "Basi nakuuliza," akasema. "Mimi nimemtafuta kaka yangu kwenye kila ofisi, nimekaa barabarani na picha yake jua na mvua. Mama yangu amekufa kwenye maji kwa ajili ya mkono wako. Uliona nini?"

Ningeweza kudanganya. Nakiri kwamba uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, wenye nuru na sauti, ungemfaa marehemu na ungenifaa mimi. Nilimtazama huyu mwanamke aliyechoka, nikaona kwamba nikisema hivyo nitakuwa nimemkunjia ule mkeka nimkabidhi aubebe yeye. "Sikuona kitu," nikamwambia. "Niliona maziwa yanataka kumwagika. Kwa bibi yangu, maziwa yakimwagikia moto ng'ombe anapasuka chuchu. Nilimfikiria ng'ombe, Vasanthi. Hakuna aliyenituma."

Alinikodolea macho. Nilijiandaa kwa kofi, na ningelipokea. Kikaanza kicheko, mdomo umefungwa, kile kile cha mama yake, mabega yanatikisika, "Ng'ombe," anasema, "ng'ombe," na katikati ya kicheko kikageuka kilio ambacho sijui alikuwa amekihifadhi wapi miaka yote ile. Nikamshika. Nje mbwa wa Mama Glori walikuwa wanabweka kwa mpita njia. Aliponyamaza alijifuta uso, akaniuliza kama maziwa yamebaki.

Yalikuwepo ya asubuhi, lita nzima, ya ng'ombe wa jirani. Akachukua sufuria yangu ndogo kuliko zote, akaijaza karibu na ukingo, akawasha jiko la gesi ambalo hata mwezi wa pili halijafika na ambalo nalipenda kuliko nilivyopaswa. Tukasimama wawili, dirisha limefunguliwa, mlima umevua mawingu yake. Maziwa yakatulia muda mrefu. Kisha utando ukajikunja, povu likaanza kupanda kandokando, likavimba katikati, likafika ukingoni, na mkono wangu wa kulia ukanyanyuka wenyewe. Vasanthi akaudaka hewani. Akaukandamiza kwenye meza kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu, macho yake kwenye sufuria, akalitaja jina la kaka yake mara moja, na maziwa yakafurika, yakamwagika motoni.